Upimaji wa Ulaini wa Uso na Umviringo wa Rola za Beringi Zenye Njia ya Tufe

Utangulizi

Beringi ya rola yenye njia ya tufe, iliyobuniwa mwaka 1919 na mhandisi Arvid Palmgren wa kampuni ya SKF ya Uswidi, ina safu mbili za rola za umbo la pipa zinazoviringika ndani ya pete ya nje. Umbo hilo huiwezesha kubeba mzigo mkubwa hata shafti inapopinda kidogo. Ndiyo sababu hutumika katika mashine za kuponda mawe na vinu vya saruji. Makala haya yanafafanua upimaji wa ulaini wa uso na wa umviringo wa rola hizo, na kuonyesha kwa nini kipimo kimoja hakiwezi kuchukua nafasi ya kingine.

Ulaini wa uso

Beringi inapozunguka, utando mwembamba wa mafuta huitenganisha rola na njia yake. Utando ukiwa mwembamba kuliko vilima vya uso, metali hugusana na uchovu wa metali huanzia hapo. Ulaini hupimwa kwa ncha ya almasi, aghalabu yenye nusu kipenyo cha mikroni 2 au 5, inayoburutwa juu ya uso. Thamani ya Ra ni wastani wa umbali wa vilima na mabonde kutoka mstari wa kati. Kadiri inavyokuwa kubwa, ndivyo uso unavyopungua ulaini.

Mambo mawili yanahitaji uangalifu. Kwanza, alama za kusaga huizunguka rola, hivyo ncha huburutwa kwa urefu wa rola ili izikate. Pili, ubavu wa rola umebinuka. Mbinuko huo sharti uondolewe katika mchoro kabla ya kukokotoa Ra, la sivyo umbo lenyewe litahesabiwa kuwa kasoro ya uso.

Umviringo

Rola inaweza kuwa laini kama kioo na bado isiwe mviringo kamili. Usagaji usio na senta huweza kuacha migongo mitatu au mitano kuizunguka rola. Maikromita hugusa pande mbili zinazokabiliana. Idadi ya migongo ikiwa witiri, kila mgongo hukabiliana na bonde, na kipenyo husomeka kilekile. Kitalu cha V chenye pembe ya nyuzi 60 hukuza kasoro ya migongo mitatu mara 3, lakini ile ya migongo mitano hakiioni kabisa.

Kwa hiyo kipimo cha kuaminika huhitaji mashine yenye spindeli sahihi, inayoandika mabadiliko ya nusu kipenyo katika mzunguko mzima. Kosa la umviringo ni tofauti ya nusu vipenyo vya miduara miwili yenye kitovu kimoja inayoufumbata mchoro. Kwa kuwa rola ina umbo la pipa, hupimwa katikati na karibu na kila mwisho. Chujio nalo hutajwa: lile la mawimbi 50 kwa mzunguko huficha mawimbi mafupi yaletayo mtikisiko, ambayo chujio la 500 huyaonyesha.

Hitimisho

Rola iliyopita ukaguzi wa kipenyo haijathibitishwa kuwa mviringo, wala iliyo mviringo haijathibitishwa kuwa laini. Taarifa ya ukaguzi inayokusudiwa kulinganishwa na nyingine haina budi kueleza sehemu iliyopimwa, mwelekeo wa ncha na chujio lililotumika.