Nazik al-Malaika hakuivunja mizani

Oktoba 1947 redio ilikuwa ikileta Baghdad, siku baada ya siku, idadi ya watu waliouawa na kipindupindu nchini Misri. Kabla haujatulia, ugonjwa ulikuwa umeua takriban watu 20,000. Mmoja wa waliokuwa wakisikiliza ni Nazik al-Malaika, msichana wa miaka 24, mhitimu wa Chuo cha Juu cha Ualimu cha Baghdad, ambaye mwaka huohuo alitoa diwani yake ya kwanza, Ashiqat al-Layl. Alitunga shairi juu ya maafa yale kwa umbo la kale. Hakuridhika. Akatunga la pili, nalo likashindwa kubeba alichokuwa nacho moyoni.

Kwa kumbukumbu zake mwenyewe, tarehe 27 Oktoba alitoka nyumbani, akaketi penye nyumba ya jirani iliyokuwa bado inajengwa, na kwa muda wa kama saa moja akaandika shairi aliloliita al-Kulira, yaani Kipindupindu. Dada yake Ihsan alilipokea kwa furaha. Wazazi walilikataa, na hawakuwa watu wa kupuuzwa katika jambo hili. Mama yake, Salma Abd al-Razzaq, alikuwa mshairi aliyejulikana kwa jina la Umm Nizar. Baba yake, Sadiq al-Malaika, alikuwa mwalimu wa Kiarabu. Mama akauliza hii ni mizani gani, baba akalifanyia dhihaka. Binti akawajibu kwamba waseme watakavyo, shairi lile litabadili ramani ya ushairi wa Kiarabu.

Ni nini kiliwashtua? Katika kasida ya kale kila mstari una vipande viwili vyenye urefu uleule, na kina kimoja hubebwa kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Mpaka hapo msomaji wa Kiswahili hapotei, maana anajua ukwapi na utao. Tofauti iko ndani. Sisi tunahesabu silabi, nane kwa nane. Waarabu hupanga silabi fupi na ndefu kwa utaratibu maalumu. Kila kikundi kidogo cha silabi hizo ni tafila, na mpangilio wa tafila ndio unaozaa bahari. Al-Khalil bin Ahmad, aliyefanya kazi Basra katika karne ya 8, aliainisha bahari 15, na ya 16 ikaongezwa baadaye. Andalusia ilizua tungo za muwashshah zenye vina vinavyobadilika, lakini kasida ilibaki kuwa kipimo cha mshairi kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Nazik aliishika tafila. Alichokiachia ni idadi yake: mstari mmoja una tafila mbili, unaofuata nne au zaidi, kadiri wazo linavyohitaji, na vina vinakuja na kuondoka. Al-Kulira limo katika khabab, bahari yenye mwendo wa haraka, na mwenyewe alisema alitaka isikike miguu ya farasi waliokuwa wakikokota maiti katika vijiji vya Misri. Ukilisoma kwa sauti utaona mapigo hayakosekani hata mara moja.

Hoja yake aliieleza mwaka 1949 katika dibaji ya Shazaya wa Ramad, diwani yake ya pili. Umbo la kale, alisema, humlazimisha mshairi kuendelea kusema hata wazo likishakwisha, ili mstari ujae. Kila aliyewahi kutunga kwa Kiswahili anaijua dhiki hiyo: mizani zimebaki mbili, basi unasukumiza "pia" au "kweli" ambayo hukuihitaji. Kwangu mimi kurasa zile chache zina uzito kuliko ubishi mrefu uliofuata kuhusu nani alitangulia.

Maana ubishi ulikuwepo. Al-Kulira lilichapishwa Beirut mwanzoni mwa Desemba 1947, na mwezi huohuo Badr Shakir al-Sayyab, kijana mwingine wa chuo kilekile, akatoa diwani yenye shairi la mtindo huo lenye tarehe ya 1946. Al-Sayyab alimtaja Ali Ahmad Bakathir, mwandishi wa asili ya Hadhramaut, kuwa aliwatangulia wote kwa tamthilia zake. Baadaye Nazik alikiri kwa maandishi kwamba majaribio ya namna hiyo yalikuwepo tangu miaka ya 1930. Sifa ambayo hakuna wa kumnyang'anya ni kuueleza mtindo huo na kuujengea kanuni.

Na kanuni alizipenda. Kitabu chake cha 1962, Qadaya al-Shi'r al-Mu'asir, kinawakemea vijana wanaoharibu tafila, kinapendelea bahari zinazorudia tafila moja, na kinakataa kuita ushairi maandishi ya nathari yaliyokuwa yakitetewa na jarida la Shi'r la Beirut. Mwaka 1968 alitabiri kwamba wimbi la mtindo mpya litatulia na washairi watarudi kwenye vipande viwili. Wengi walisema amegeuka. Mimi naona alisimama palepale. Waliomfuata ndio waliokwenda mbali.

Maisha yake hayakuwa ya kitabuni tu. Alijifunza kupiga udi, akasoma Princeton na kupata shahada ya uzamili Wisconsin. Mwaka 1953 mama yake alifia London, Nazik akiwa naye, na msiba huo ulizaa tanzia zake bora. Alihutubia juu ya hali ya mwanamke wa Kiarabu, na katika shairi lake Ghaslan lil-Ar akawashutumu wanaume wanaoua mabinti kwa kisingizio cha heshima. Pamoja na mumewe, Abd al-Hadi Mahbuba, alishiriki kuanzisha Chuo Kikuu cha Basra, katika mji uleule wa al-Khalil. Kisha alifundisha Kuwait kwa miaka mingi. Baada ya Iraq kuivamia Kuwait mwaka 1990 alihamia Cairo, akafariki huko tarehe 20 Juni 2007.

Hapa kwetu, tangu Euphrase Kezilahabi atoe Kichomi, diwani ya mashairi huru, mwaka 1974, tumekuwa tukibishana kana kwamba njia ni mbili tu: urari kamili wa mapokeo au kuuacha kabisa. Nazik anaonyesha ya tatu. Mshairi wa Kiswahili anaweza kushika kipande cha mizani nane, au cha nne, na kukirudia mara nyingi au chache kadiri wazo linavyodai. Ninyi mnaosoma Kiarabu, mlioko Unguja, Lamu, Mombasa na Maskati, itafsirini dibaji ya 1949 moja kwa moja kutoka lugha yake, ili walimu wetu wa ushairi waipate darasani.