Umelipia intaneti ya kasi, mbona inatambaa?

NI malalamiko yanayosikika Kampala, Kigali hata Bujumbura. Mtu amelipia intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, lakini akipakua faili kompyuta inamwonyesha 1.2 tu. Anampigia simu mtoa huduma na maneno ya wizi yanamtoka.

Mara nyingi hajaibiwa. Laini huuzwa kwa megabiti, ilhali faili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Gawanya 10 kwa 8, unapata 1.25. Filamu ya megabaiti 700 basi itachukua zaidi ya dakika tisa, si dakika moja. Wauzaji wangeweza kulieleza hili kwenye matangazo yao, ila namba kubwa ndiyo inayouza.

Kuna siku kosa liko mbali kabisa. Kabla ya mkonga wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, eneo letu lilitegemea satelaiti zilizo umbali wa kilomita 36,000 hivi angani. Leo nchi zisizo na bahari hupata mawasiliano kwa nyaya zinazopanda kutoka Mombasa na Dar es Salaam. Ndiyo maana mikonga ya EASSy na SEACOM ilipokatika Mei 12, 2024, hata Uganda na Rwanda zilitikisika. Siku kama hiyo, kuzima na kuwasha ruta ni kujichosha bure.

Lakini kama jirani mwenye mtoa huduma yule yule hana shida, anza na ruta yako. Iunganishe na kompyuta kwa waya, kisha pima kasi. Ikiwa nzuri, tatizo ni mawimbi yasiyotumia waya. Itoe ruta nyuma ya televisheni, iweke juu, katikati ya nyumba. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, ila yana msongamano. Jaribu chaneli 1, 6 au 11. Yale ya gigahezi 5 yana kasi, lakini ukuta wa matofali huyachosha haraka.

Mipangilio hufunguliwa kwa kuandika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye kivinjari. Anwani kamili imebandikwa chini ya kifaa. Hapa ndipo penye hatari. Ruta nyingi zilitoka kiwandani na neno la siri "admin", na wahalifu wanalijua. Mwaka 2016 programu ya Mirai ilijaribu maneno kama hayo yapatayo 60 tu, ikateka mamia ya maelfu ya kamera na ruta. Oktoba 21 mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn, na Wamarekani wengi wakashindwa kufungua Twitter na Netflix. Wenye vifaa hata hawakujua.

Kwa hiyo badili maneno ya siri mawili: la kuunganishia simu na la kufungulia mipangilio. Wengi hubadili la kwanza tu! Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, maana WEP ilivunjwa tangu 2001.

Ukisahau neno la mipangilio, kuna kitundu nyuma ya ruta. Bonyeza kwa pini sekunde kumi hivi, itarudi kama ilivyotoka kiwandani. Ila itafuta pia jina na neno la siri ulilopewa na mtoa huduma, kwa hiyo yaulize na uyaandike kabla hujashika pini.