Unauza laptopu zenye Linux? Soma hii kabla hujamwambia mteja "gemu zote zinacheza"

Wiki hii peke yake watu watatu wamenifuata inboksi na swali lile lile: "Dada, mashine ikiwa na Linux inacheza gemu?" Na humu humu nimeona baadhi yetu tunajibu "ndiyo, zote" ili mteja asikimbie. Jibu hilo mimi lilishanila hela. Ngoja niwasimulie.

Novemba mwaka jana nilipata mashine ya inchi 15, zile nzito za mainjinia, yenye kadi ya grafiki ya pembeni. Prosesa ya Intel kizazi cha 6. Windows 11 rasmi inataka kizazi cha 8 kwenda juu, na Windows 10 ilishakatiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Nikaiwekea Linux Mint: ya bure, nyepesi, haina mambo ya kuombana leseni. Nikaposti: "Mashine ya gemu, 850,000, inacheza gemu zote." Kijana mmoja wa Sumbawanga akalipa yote kwa simu, nikafunga mzigo, nikaupakia basi la asubuhi hapa Mbeya.

Kesho yake jioni ananitumia video. Gemu ya magari inakwama kwama kama picha za mnato. Gemu ya mpira anayocheza na wenzake mtandaoni ndiyo haifunguki kabisa. Chini kaandika, "Dada, ulisema zote." Nilikaa na simu mkononi sijui nijibu nini. Mashine ikarudi, nikamrudishia 850,000 yake, nauli ya mzigo kwenda na kurudi ikawa juu yangu. Kijana hakunitukana, ila aliwasimulia wenzake, na kwa wiki tatu sikupata oda hata moja kutoka upande ule.

Ile mashine nikabaki nayo ndani, nikawa nakesha nayo. Nikaja kugundua kulikuwa na matatizo mawili ambayo hayahusiani. La kwanza lilikuwa la draiva, la kumaliza kwa dakika ishirini. La pili hakuna fundi wa Mbeya wala wa Dar anayeweza kulirekebisha. Mimi nilikuwa nayaona ni kitu kimoja, "Linux haichezi gemu", basi.

Tuanze na draiva. Hii ni programu inayokaa katikati ya mfumo na kifaa, kama mkalimani. Gemu inasema "chora barabara, chora gari", draiva inaigeuza iwe lugha ambayo kadi yako inaielewa. Mkalimani akiwa mbovu, kadi ya milioni mbili inafanya kazi kama ya elfu hamsini. Kwenye Linux draiva nyingi zinakuja ndani ya mfumo wenyewe: sehemu moja iko kwenye kerneli, sehemu nyingine kwenye mkusanyiko wa programu huria unaoitwa Mesa. Ndiyo maana ukiweka Mint kwenye mashine ya Intel kila kitu kinawaka bila kutafuta CD wala kuzunguka mtandaoni.

Halafu kuna daraja la pili. Gemu nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya Windows. Tangu 1993 kuna watu wanatengeneza Wine, programu ya kuendeshea vitu vya Windows ndani ya Linux. Mwaka 2018 kampuni ya Valve, wenye duka la gemu la Steam, waliichukua Wine wakaiongezea vitu wakatoa Proton. Ndani ya Proton kuna kitu kinaitwa DXVK, kazi yake ni kugeuza maagizo ya grafiki ya Windows kuwa ya Vulkan, lugha ambayo kadi za kisasa zinaielewa. Mwaka 2022 Valve wakatoa Steam Deck, kifaa cha gemu cha mkononi kinachotumia Linux, kwa hiyo kuzifanya gemu zicheze huko ikawa biashara yao wenyewe. Oktoba 2025 takwimu za Steam zilionyesha watumiaji wa Linux wamevuka asilimia 3 kwa mara ya kwanza. Ni wachache, ila hao ndio wanaonunua mashine kwako.

Neno la kushika hapo ni Vulkan. Mashine isiyo na Vulkan kamili, Proton mpya haina la kufanya nayo. Na hapa ndipo vizazi vya mashine zetu za mtumba vinapoachana.

Intel kizazi cha 4, yaani EliteBook 840 G1, ThinkPad T440, Latitude E7440 na wenzao: Vulkan yake haijakamilika na haitakamilika. Hizi uza kwa wanafunzi, kwa stationari, kwa mtu wa filamu na Excel. Usiandike neno gemu kwenye tangazo. Kizazi cha 6 na kuendelea, kama 840 G3 au T460, Vulkan ipo vizuri. Lakini naomba nieleweke, draiva nzuri haiongezi nguvu. HD Graphics 520 ni kadi ndogo, itacheza gemu nyepesi na za zamani, ukiipa gemu kubwa ya mwaka huu utaichosha bure.

AMD ndiyo raha. Draiva yao ya kerneli inaitwa amdgpu, iko ndani tayari, na upande wa Mesa kuna RADV ambayo Valve wenyewe wameiwekea mkono. Laptopu yenye Ryzen ikipita mikononi mwangu siiachii. Unaweka mfumo, unaweka Steam, umemaliza. Tahadhari moja tu ni kwa zile Radeon za zamani sana, za enzi ya G1, ambazo kwenye mifumo mingi zinaendeshwa na draiva ya zamani iitwayo radeon isiyo na Vulkan.

Sasa NVIDIA, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo nilipoumia. Kwa miaka mingi draiva yao ya Linux ilikuwa imefungwa, hakuna wa nje anayeona ndani. Mwaka 2012 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliwaonyesha kidole cha matusi mbele ya kamera kule Finland kwa ajili hiyo. Mwaka 2022 walifungua ile sehemu ya kerneli, ila kwa kadi za kuanzia GTX 16 na RTX 20 tu. Kadi nyingi tunazouza sisi ni za kabla ya hapo.

Ukiweka Mint kwenye mashine yenye NVIDIA na usifanye kitu kingine, mara nyingi inaendeshwa na Nouveau, draiva huria ambayo watu waliitengeneza kwa kubuni na kuchunguza, bila maelezo ya kampuni. Picha inatoka, unafungua YouTube, unaona sawa. Shida ni kwamba kwa kadi nyingi za miaka hiyo Nouveau haiipandishi kadi kasi yenyewe. Inabaki kwenye mwendo ule ule wa kuwashia, kama bajaji imekwama gia ya kwanza inapanda mlima. Ndiyo ile video ya kijana wa Sumbawanga. Mimi nilijaribu YouTube, nikafunga boksi.

Dawa yake: fungua programu ya Mint ya kusimamia draiva, chagua ile ya NVIDIA iliyopendekezwa, subiri ishuke, zima uwashe. Kama Secure Boot iko wazi, wakati wa kuweka itakuomba utunge nywila, na ukiwasha itakuja skrini ya bluu ikiuliza ile nywila. Usiiruke. Ukiiruka draiva haipandi na hakuna atakayekuambia kwa nini. Na hii skrini imalize wewe dukani, usimwachie mteja, atakupigia usiku anasema kompyuta imeingiliwa na virusi.

Angalia pia herufi ya kadi. Quadro zenye K mbele, kama K1100M na K2100M, zinaishia kwenye draiva ya 470 na Vulkan yake ni ya zamani, Proton mpya zinagoma. Zenye M, kama M1000M na M2000M, zinatumia draiva mpaka toleo la 580, ambalo ndilo la mwisho kwao. Zinacheza leo, ila siku hizi nikinunua mzigo natoa hela kidogo kwa hizo, kwa sababu najua nauza kitu ambacho mlango wake unafungwa.

Kuhakiki ni rahisi hata kama hujasomea. Mimi mwenyewe niliishia kidato cha nne, kompyuta nimejifunzia mezani. Fungua terminali, andika lspci -k, teremka mpaka kwenye kadi ya grafiki, soma mstari unaotaja draiva inayotumika. Ukiona i915 ni Intel, sawa. amdgpu, sawa. nvidia, sawa. nouveau, bado una kazi. Halafu andika glxinfo -B. Hapo ukiona neno llvmpipe, simama: maana yake kadi haifanyi kazi kabisa na prosesa ndiyo inachora kila kitu. Ya mwisho ni vulkaninfo --summary, iangalie kama inaitaja kadi yako kwa jina. Amri hizi mbili za mwisho zinakuja na vifurushi vya mesa-utils na vulkan-tools, kama hazipo unaviweka.

Mashine yenye kadi mbili, Intel na NVIDIA, ina mtego mwingine. Draiva inaweza kuwa nzima na bado gemu ikapita kwenye Intel. Andika sudo prime-select nvidia, zima uwashe, sasa kila kitu kinapita kwenye kadi kubwa. Chaji itaisha haraka, mwambie mteja mapema.

Hilo ndilo tatizo la kwanza, la kurekebishika. La pili ni zile programu za kukamata wanaochiti. Gemu nyingi za kushindana mtandaoni zina mlinzi wake, na walinzi wengine wanataka kuingia ndani kabisa ya Windows. Wakikuta Linux wanafunga mlango. Draiva iwe safi, kadi iwe ya bei mbaya, haifunguki. Valorant haichezi. League of Legends haichezi tangu walete mlinzi huyo 2024. Fortnite haichezi. EA Sports FC haichezi, na hii ndiyo wateja wetu wengi wanaitaka, kwa hiyo iandike kichwani. Apex Legends ilikuwa inacheza, wakaifunga mwisho wa Oktoba 2024. GTA V ile ya kucheza peke yako inakubali, ya mtandaoni ilifungwa Septemba 2024. Na si kwamba haiwezekani: walinzi wawili wakubwa, Easy Anti-Cheat na BattlEye, wanakubali Linux tangu 2021 kama mwenye gemu akiruhusu. Wengine wameruhusu, wengine wamekataa. Ni uamuzi wa ofisini kwao, wewe na mimi hatuna la kugusa.

Upande wa pili kuna vitu vizuri vya kuuzia. Counter-Strike 2 na Dota 2 zina toleo la Linux lenyewe. Euro Truck Simulator 2 pia, na hii kwa madereva na watoto wa madereva wa huku Tunduma inauza mashine kuliko maneno yangu. Minecraft ile ya Java inacheza. Kwa gemu nyingine usikisie, ingia tovuti ya ProtonDB, andika jina, soma waliojaribu wanasema nini na wana kadi gani. Ni dakika mbili tu.

Kitu kingine kidogo kinacholeta simu za lawama: mteja akifungua gemu mara ya kwanza, Steam inaweza kukaa muda mrefu inaandaa grafiki za Vulkan. Yeye anaona imeganda. Na inavuta bando pia. Mwambie avumilie ile mara ya kwanza, au umzimie hilo kwenye mpangilio wa Steam kabla hujatuma.

Siku hizi mtu akiniuliza kuhusu gemu sijibu bei kwanza. Namwambia, "Niandikie majina matatu ya gemu unazocheza." Akitaja FC ya mtandaoni au Valorant, namwambia Linux hapana, kuna mashine ya kizazi cha 8 yenye Windows, bei yake hii. Wengine wanaondoka, sawa. Akitaja zinazocheza, nampigia video ya gemu yake ikicheza kwenye mashine ile ile atakayonunua, na jina la kadi linaonekana, halafu ndiyo anatuma hela.

Ile ya inchi 15 niliiuza Januari kwa 780,000, draiva ikiwa imewekwa, kwa kaka mmoja anayefanya michoro ya nyumba. Yule kijana wa Sumbawanga naye alirudi mwezi uliopita, kaniletea majina yake matatu bila kuulizwa. Mawili yanakubali, moja hapana. Bado tunavutana bei.