Kofia Niliyoiita ya Baba

Wahenga walinena: mali bila daftari huisha bila habari. Mimi maana ya maneno hayo nimefunzwa na kofia.

Alipofariki baba yangu, Mola amrehemu, nilitoa katika kasha lake kofia moja ya vito, weupe wake umeiva kama pembe, nikaiweka kwangu. Dada zangu sikuwaambia. Nilijisemea, hii ni kofia tu. Wanawake wataifanyia nini? Miaka ikapita. Mwaka jana akanijia mnunuzi wa vitu vya kale, akaigeuza na kuigeuza, akanitajia bei ya mbuzi wawili. Hapo ndipo nilipoitazama kwa mara ya kwanza.

Kofia hii ni jamaa ya kimia, kile kitambaa cha vitundu ambacho wengine hukiita lesi. Kimia cha mkono kilishamiri Ulaya katika karne ya 16, huko Venice na Flanders. Kipo cha sindano, kijengwacho kwa uzi mtupu, na kipo cha vijiti, ambacho nyuzi zake huzungushiwa vijiti vingi zikasukwa juu ya mto. Mwaka 1809 Mwingereza John Heathcoat alipata hataza ya mashine ya kufuma wavu wa kimia. Mwaka 1816 mashine zake zilivunjwa mjini Loughborough, lakini mashine hazikukoma. Kazi ya mkono ikapungua, na vipande vya zamani vikawa vya kutafutwa.

Kofia yetu nayo ina njia yake. Kitambaa huwekwa tabaka mbili, nakshi ikachorwa, kisha vitundu hutobolewa kimoja kimoja na kila ukingo ukazungushiwa uzi. Kuna duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa, na moja huchukua miezi. Ndugu zetu wa Oman wanayo kama hiyo, nao huiita kumma.

Ukitaka kuijua kazi ya mkono, msomaji, ielekeze kwenye mwanga. Vitundu vya mashine ni sawa kwa sawa, kosa la kimoja ni kosa la vyote. Vya mkono havilingani kabisa: hiki kimebanwa, chengine kimelegea pale mshonaji alipochoka au taa ilipofifia. Ukisha kuipata, usiitie dawa ya kung'arisha, wala usiianike juani siku kutwa. Pamba ya zamani huchoka. Ioshe kwa sabuni laini, ikauke juu ya faroma. Ya kuvaliwa itie wanga. Ya kuhifadhiwa usiitie, kwani wanga huita wadudu. Ifunge katika kitambaa cheupe kilichofuliwa, wala usiikunje.

Hayo yote niliyajua, na karibu niseme, "Lete fedha." Moyo ukanisuta. Mirathi ni mirathi, iwe shamba au iwe kofia. Nikawaendea dada zangu wawili, nikaiweka kofia mkekani mbele yao, nikaomba radhi.

Mkubwa hakunijibu. Aliipeleka dirishani, akapitisha kidole juu ya ukanda, akasimama mahali ambapo vitundu vimeanza kwenda upande.

"Hapa ndipo macho yalipoanza kumsumbua," akasema.

"Nani?"

"Mama. Wewe ulikuwa chuoni asubuhi kutwa. Sisi ndio tuliokuwa tukimtungia uzi sindanoni."

Nilinyamaza. Umri wangu wote nimeiita kofia ya baba, na nilipoisifu kwa wageni nilimsifu aliyeivaa. Zile alama nilizozitumia kumthibitishia mnunuzi kwamba ni kazi ya mkono, kumbe ni macho ya mama yangu yakififia.

Tulikubaliana sote watatu isiuzwe. Iko kwa dada mkubwa, na pamoja nayo karatasi yenye jina la mama, mji wake, na majina ya mabinti wawili waliomtungia uzi.

Nawe, ndugu yangu, kama iko kofia ya zamani kashani mwako, kabla hujauliza thamani yake muulize shangazi yako au nyanya yako ni nani aliyeishona. Uliza leo. Kofia yaweza kungoja miaka mingine hamsini; wao pengine hawatangoja.