Mlezi Akipumzika, Nani Amshike Mkono

Huduma ya kumpumzisha mlezi haingoji kibao mlangoni. Huko Nyamarambe na katika vijiji vya Mugirango Kusini, kama kwingi nchini Kenya, mama mwenye mtoto au ndugu mzima mwenye ulemavu wa akili akienda sokoni, hospitalini au matangani, humwacha kwa nyanya, kwa shangazi, kwa jirani, au kwa dada mkubwa ambaye siku hiyo atakosa shule. Shule maalum za bweni nazo huwapumzisha wazazi bila kutajwa hivyo, mpaka zifungwe Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Asipopatikana mtu, kinachobaki ni mlango uliotiwa kufuli kwa nje. Huduma basi ipo tayari, ila hakuna anayeiangalia. Nashikilia kwamba usalama wake hutokana na mambo mawili: anachojua mlezi kihame pamoja na anayelelewa, na mahali anapokaa pafikiwe na macho ya watu wengine.

Tuchukue kifafa. Karibu mtu mmoja kati ya watano wenye ulemavu wa akili wanacho, na jikoni kwa mafiga matatu, sufuria ya maji ya ugali ikitokota, kuanguka mara moja kwatosha kumwachia mtoto makovu ya maisha. Mama anajua binti yake hakai upande wa moto. Anajua dawa humezwa jioni baada ya chakula, na kwamba kuikatiza ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma. Mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo anajua kwamba hulishwa akiwa ameketi wima, kijiko kidogo kidogo, kwa kuwa akilishwa chali uji huingia mapafuni; nimonia huja siku kadhaa baadaye, hakuna anayekumbuka tena ule uji. Asiyeweza kusema ana ishara zake za njaa, maumivu na woga. Ujuzi huu wote umo kichwani mwa mtu mmoja aliyechoka. Daftari la kawaida la shule latosha kuubeba: dawa na saa zake, namna ya kula, degedege lake huanzaje, nani anaruhusiwa kumwogesha na kumbadilisha nguo, nambari ya kupiga usiku. Hilo la kuogesha lisirukwe kwa aibu, maana hapo ndipo unyanyasaji hupata nafasi.

Wengine watasema kinachokosekana ni pesa na majengo. Uingereza inavyo vyote viwili. Julai 2013, Connor Sparrowhawk, kijana wa miaka 18 mwenye kifafa, alizama kwenye bafu katika Slade House, kituo cha muda mfupi cha uchunguzi na matibabu mjini Oxford. Mama yake alikuwa amewaeleza wahudumu wasiwasi wake kuhusu degedege. Taarifa ilikuwapo, haikufika pale palipokuwa na maji. Miaka miwili kabla ya hapo, mateso ya wagonjwa katika hospitali ya Winterbourne View karibu na Bristol yalifichuliwa na kamera ya siri ya BBC, ingawa hospitali hiyo ilikuwa imesajiliwa na ikikaguliwa.

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni kwamba mtoto yu salama kwa damu yake, na kumtoa ni kumtupa. Mara nyingi ni kweli kuhusu upendo, lakini mnyanyasaji naye mara nyingi ni mtu anayefahamika nyumbani. Isitoshe, mlezi asiyelala huchanganya dozi na kuishiwa na subira. Kumpa siku mbili za kupumzika ni sehemu ya kumlinda mtoto wake. Wala si anasa ya matajiri: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008, unaitaja huduma hii katika ibara ya 28, tena kwa ajili ya familia maskini. Shilingi 2,000 za Inua Jamii, ruzuku ya serikali, kwa mwezi hununua unga na sabuni, ila hazimpi mama saa ya kulala.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kanuni zitaua hisani ya kijiji. Naliheshimu. Shangazi akidaiwa leseni atafunga mlango wake, na tutakuwa tumempoteza mlezi bora kuliko wote. Kwa hiyo yeye aombwe daftari tu, na atembelewe bila taarifa na mhudumu wa afya ya jamii, ambaye kazi yake tayari ni kuzunguka nyumba hadi nyumba. Anayepokea malipo, au anayelaza watu wa familia kadhaa, ndiye asajiliwe: watu wazima wawili usiku, mlango unaofunguka kwa ndani, na mzazi aruhusiwe kuingia saa yoyote. Mahali pa kujaribia papo. Desemba, mabweni ya shule maalum yakiwa matupu na walimu wanaowajua watoto wakiwa bado karibu, kaunti inaweza kuwalipa wachache wao wafungue bweni moja kwa wiki mbili, kila mtoto aingie na daftari lake.