Kwa Nini Mwindaji Haiachi Silaha Yake

Leo tutasoma habari za silaha za wawindaji. Somo hili lamfaa kila mtu anayenunua chombo cha kazi, hata kama hajawinda maisha yake yote.

Wewe unayekaa Bukundi, katika Mkoa wa Simiyu, huna haja ya kwenda mbali. Pande za Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, watu wa kuwinda tangu zamani. Silaha yao ni upinde. Bunduki wamekwisha kuziona miaka mingi, lakini upinde hawakuuacha. Sababu ni nini?

Sababu ya kwanza, upinde hauna bei ya dukani. Mti hukatwa porini, na kamba hufanywa kwa kano za mnyama. Hata msumari waweza kufuliwa ukawa kichwa cha mshale. Sababu ya pili, ukiharibika, mwenyewe hukaa kivulini akautengeneza. Sababu ya tatu, mkono wake umeuzoea tangu utoto.

Basi, sasa twende Marekani. Huko kuna bunduki inayopendwa namna hiyo hiyo, nayo ni bunduki ya wenzo. Wenzo ni mkono wa chuma ulio chini, karibu na kifyatulio. Ukiusukuma chini, ganda tupu la risasi hutoka. Ukiuvuta juu, risasi mpya huingia. Mwindaji hupiga mara kadhaa bila kujaza tena. Tofauti na gobore! Mwenye gobore hupiga mara moja, kisha hushindilia baruti tena, na nyati aliyejeruhiwa hamngojei.

Bunduki ya wenzo iliyojulikana kuliko zote ni Winchester ya mwaka 1894, iliyobuniwa na John Browning. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 7. Ilikuwa nyepesi, haikusumbua, na mkulima wa kawaida aliweza kuinunua. Baba aliitumia, akamwachia mwanawe.

Hata wenye mali waliipenda bunduki ya wenzo. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa amemaliza urais wa Marekani, alishuka Mombasa kuja kuwinda. Alikuwa na bunduki ya thamani kubwa kutoka Uingereza. Lakini kwa simba aliisifu sana Winchester yake ya wenzo, ya namna ya mwaka 1895.

Je, haina upungufu? Unao. Katika bunduki nyingi za wenzo, risasi hulala katika bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine. Ncha ya risasi ya nyuma hugusa fataki ya risasi ya mbele. Ncha ikiwa kali, fataki yaweza kulipuka ndani ya bomba. Kwa hiyo risasi zake huwa na ncha butu, na risasi butu haifiki mbali kwa nguvu. Mwindaji ajua hayo, naye humsogelea mnyama kwanza. Anajua chombo chake chaweza nini, na hakiwezi nini.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwaka 1964 kampuni ya Winchester ilibadili namna ya kuitengeneza bunduki hiyo ili kupunguza gharama. Jina halikubadilika, lakini kazi ya mikono ilipungua. Wawindaji waliona upesi. Wakaanza kuzitafuta zile za kabla ya 1964, na mpaka leo hizo huuzwa kwa bei kubwa zaidi. Walichokipenda hakikuwa jina. Walipenda kazi nzuri kwa bei wanayoiweza.

Wewe je? Umeuza pamba, fedha zimo mfukoni, nawe wataka plau. Usiulize bei tu. Uliza: chuma chake ni kizito au chepesi? Kipuri chake chapatikana wapi? Fundi wa kijijini aweza kuitengeneza? Plau rahisi ikivunjika mvua za kwanza, umepoteza fedha, umepoteza na msimu. Watoto watakula nini?

Jambo la mwisho. Silaha nzuri haimpi mtu ruhusa. Bunduki yataka leseni, na kuwinda kwataka kibali kwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009. Asiye navyo asiingie porini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI
1. Taja sababu tatu za Wahadzabe kuupenda upinde.
2. Kwa nini risasi za bunduki nyingi za wenzo huwa na ncha butu?
3. Ni chombo gani nyumbani kwako kilichodumu miaka mingi? Nani hukitengeneza kikiharibika?