'Si nilidhani ni wewe?' Kosa lililowatoa jasho Yankees

Ebu jiulize: mpira unakuja katikati yenu wawili. Nani anauchukua?

Kwenye soka ya mtaa unapiga kelele "yangu!" na mambo yanaendelea. Kwenye besiboli mpira una kasi ya ajabu. Ukingoja uje ndipo muongee, umechelewa. Ndiyo maana wanaolinda besi hupanga kabla mpira haujarushwa.

Cheki hii. Mpinzani yuko besi ya kwanza, anataka kuiba ya pili. Nani ataikimbilia hiyo besi kupokea mpira? Wachezaji wawili wanaosimama huku na huku ya besi ya pili hutazamana, mmoja akiwa amefunika mdomo kwa glavu ili wapinzani wasione. Akifunga mdomo, maana yake ni "mimi". Akiuachama, "wewe". Hakuna kelele, hakuna siri kuvuja.

Na msipoelewana? Waulize New York Yankees. Oktoba 30, 2024, mechi ya tano ya fainali, wako nyumbani, wanaongoza Los Angeles Dodgers 5-0. Awamu ya tano wanaboronga mara mbili, na sasa besi zote zina wapinzani. Bado kumtoa mtu mmoja tu waponyoke.

Mookie Betts anagonga mpira, unabingirika kuelekea kwa Anthony Rizzo, mlinzi wa besi ya kwanza. Mlinzi huyo akitoka kuufuata mpira, kawaida mrushaji hukimbia kuishika besi. Mrushaji Gerrit Cole hakufika. Alinyoosha kidole: nenda wewe. Rizzo naye alikuwa akimtegemea Cole. Betts akapita salama, Dodgers wakapata pointi yao ya kwanza. Awamu ilipoisha, ilikuwa 5-5. Dodgers wakashinda 7-6 na kubeba kombe.

Hawa si watoto. Ni mastaa wanaolipwa mamilioni ya dola.

Mimi sijawahi kuvaa glavu, lakini hiyo stori naijua. Tulikuwa watatu kwenye keja moja, kila mmoja akidhani mwenzake ametuma kodi. Tulirudi jioni tukapata kufuli mlangoni, na mvua inanyesha.

Siku hizi, kabla ya tarehe tano, tunaulizana: nani anatuma? Lazima mmoja aseme "mimi" kwa sauti. Wewe na wasee wako mmeulizana?